Somo: Kuvifikisha vitu vya nyumbani tusivyotumia kwa wanaovihitaji hapa Dar

Wapendwa, karibu kila nyumba ina godoro lililoegeshwa ukutani, masufuria yaliyorundikwa chini ya kabati na nguo za mtoto aliyeshakuwa mkubwa. Vitu hivyo vina watu wanaovihitaji leo.

Hatua ya 1: Chambua. Kitu ambacho ungeona haya kumpa shemeji yako, usimpe yatima. Nguo zifuliwe, zikauke, vifungo virudishiwe. Nguo za ndani zilizovaliwa ziache kabisa, na godoro lenye kunguni usilitoe.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kubeba. Naomba msiiruke hii. Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini na makazi ya wazee Nunge, Kigamboni, yote ni ya serikali, lakini mahitaji yake ni mbalimbali. Mzee atafurahia shuka, blanketi, kanga, ndoo, kiti chenye egemeo. Midoli itamjazia chumba tu. Watoto wanamaliza viatu vya shule na mashati meupe haraka mno. Kama unatafuta kituo cha karibu, anzia ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Kituo cha watoto kiulize leseni, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inaidai. Mwenye kituo halali hatakasirika.

Hatua ya 3: Funga. Tumia maboksi au viroba vya sandarusi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Andika juu: “Wasichana, miaka 6 hadi 8.” Mzigo ukiwa mkubwa, changeni na majirani mkodi kirikuu. Wakati wa masika, usisahau turubai.

Hatua ya 4: Kabidhi ofisini, viandikwe kwenye daftari. Watoto msiwapige picha za sura. Wana heshima yao kama wa kwetu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Nina friji bovu, wataipokea?
Mpe fundi kwanza. Hata ikipona, waulize kama wataimudu kwa LUKU.

Nimpe kwanza dada anayenisaidia kazi?
Ndiyo, mama, aanze yeye kuchagua. Ila iwe zawadi, isiguse mshahara wake.

Mafuriko yakipiga Jangwani, tunapeleka wapi?
Mpigieni mwenyekiti wa mtaa, yeye anajua familia zilizohifadhiwa wapi. Siku za mwanzo wanataka nguo kavu, masufuria, ndoo na vyandarua. Makabati yasubiri mpaka wapate pa kukaa.

Dawa zilizobaki je?
Hapana, kaka, hata kama hazijaisha muda.

Sare za shule nipeleke lini?
Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo zifike mapema Desemba, ili watoto wajaribu na fundi apate nafasi ya kupunguza marefu.