SOMO: Kwiri nzito? Pima kwanza, indeksi baadaye

Wakuu, hili somo naliandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe naelekeza huku, maana kila wiki inboksi ni swali lile lile, "mkuu databezi yangu imekuwa nzito, niweke indeksi wapi?" na nikirudisha swali kwamba umepima nini mpaka sasa, kimya. Kwiri ni ombi unaloipelekea databezi, indeksi ni orodha ya kando inayoisaidia kupata rekodi bila kusoma jedwali lote. Indeksi ya kubahatisha ni kama dawa bila vipimo, unaweza kupona, unaweza pia kupoteza mwezi mzima unameza dawa isiyo yako. Mifano yangu ni ya PostgreSQL kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo, wa MySQL nitawataja panapotofautiana.

Hatua ya 1. Hakikisha mkosaji ni databezi kweli. Washa `\timing` kwenye psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), endesha kwiri ile ile kwa mkono. Ikimaliza kwa milisekunde 5 na ukurasa wako unakula sekunde 4, rudi kwenye kodi ya programu yako.

Hatua ya 2. Tafuta kwiri inayokula muda mwingi kwa JUMLA. Weka `pg_stat_statements` (kiongezi kinachojumlisha muda wa kila kwiri) kwenye `shared_preload_libraries`, zima na uwashe seva, halafu `CREATE EXTENSION pg_stat_statements`. Panga kwa `total_exec_time`, usipange kwa wastani. Watu wengi wanahangaika na ripoti ya sekunde 30 inayoendeshwa mara moja usiku wakati kuna kakwiri ka milisekunde 20 kanaitwa mara 500,000 kwa siku, piga hesabu hiyo, ni karibu saa 2 na dakika 47 za kazi ya seva kila siku. Wa MySQL washeni `slow_query_log` na mshushe `long_query_time`, maana isipoguswa ni sekunde 10 na kwa programu nyingi hiyo haikamati kitu.

Hatua ya 3. Angalia kama kwiri inafanya kazi au inasubiri. Tazama `pg_stat_activity`, ukikuta `wait_event_type` ni `Lock` basi kuna mtu kashika kufuli mbele yake, na `pg_blocking_pids(pid)` itakuambia ni nani. Mara nyingi ni muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja) uliofunguliwa ukasahaulika, hali yake inaandikwa `idle in transaction`. Hapo indeksi hazikusaidii chochote.

Hatua ya 4. `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Hapa tafadhali soma taratibu, usiruke.

`EXPLAIN` ni amri ya kuonyesha mpango wa databezi wa kuendesha kwiri, na peke yake inakupa makadirio tu, na ile `cost` sio milisekunde, ni kipimo cha ndani cha kulinganisha mipango. Ukiongeza `ANALYZE` unapata namba halisi (`BUFFERS` inaonyesha kiasi cha data kilichosomwa), lakini unazipata kwa sababu KWIRI INAENDESHWA KWELI. Mimi nilikuwa sijalielewa hilo. Miaka ya nyuma kazini kulikuwa na DELETE ya kusafisha rekodi za zamani iliyokuwa inakula muda mrefu, nikaiwekea EXPLAIN ANALYZE mbele, kwenye databezi ya uzalishaji, mchana, nikijua nitaona mpango tu. Mpango ulikuja vizuri kabisa na nikakaa kuusoma, na sharti la tarehe nilikuwa nimeandika la majaribio, pana kuliko lililotakiwa. Rekodi zikafutika, na kwa kuwa jedwali la pili lilikuwa na `ON DELETE CASCADE` (ukifuta rekodi ya mzazi, za mtoto zinafutika pia) na lenyewe likaondoka nazo. Tulirudisha kutoka kwenye bakapu usiku kucha, na yale yaliyoingia baada ya ile bakapu hayakurudi. Mpaka leo nikiona mtu anaandika EXPLAIN ANALYZE karibu na DELETE moyo unaniruka.

Kwa hiyo:
- UPDATE, DELETE au INSERT, anza na `BEGIN;` maliza na `ROLLBACK;` (inatengua mabadiliko). Hakikisha chombo unachotumia hakifanyi autokomiti (kukubali kila amri papo hapo) na mistari yote mitatu inapita kwenye muunganisho mmoja.
- Hata ndani ya `BEGIN`, makufuli yanashikwa mpaka u-rollback, kwa hiyo wengine watakusubiri. Sikwensi (vihesabio vya namba za id) zikishasogea hazirudi nyuma. Triga (kodi inayojiendesha rekodi ikibadilika) inayogusa kitu nje ya databezi haifutiki.
- Ikiwezekana fanya kwenye nakala. Isipowezekana, geuza DELETE iwe SELECT yenye WHERE ile ile, utaona sehemu ya kutafuta rekodi bila kugusa kitu.
- Weka `SET statement_timeout = '60s';` kabla, ili jaribio lako lisigeuke kuwa tatizo jipya.

MySQL wana `EXPLAIN ANALYZE` kuanzia 8.0.18. MariaDB unaandika `ANALYZE` mbele ya kwiri, na yenyewe inaiendesha kweli vile vile.

Hatua ya 5. Soma mpango kutoka ndani kwenda nje, yaani mistari iliyosogezwa zaidi kulia ndiyo inaanza. Mimi natazama kwanza tofauti ya `rows` ya makadirio na `rows` halisi, mpangaji (sehemu ya databezi inayochagua njia ya kuendesha kwiri) akidhani atapata rekodi 1 akakuta 40,000 basi kila alichoamua kuanzia hapo kwenda juu kimejengwa juu ya namba ya uongo. Halafu `loops`, yaani hatua hiyo imerudiwa mara ngapi, hapa wengi wanadanganyika, muda ulioandikwa ni wastani wa lupu MOJA. Ukiona `actual time=0.010..0.012 rows=1 loops=80000` usiseme "hii ni nyepesi", zidisha, 0.012 mara 80,000 ni milisekunde 960. Kisha `Rows Removed by Filter`, ikiwa kubwa maana yake amesoma mzigo mzima akautupa. Na `Sort Method: external merge Disk` inamaanisha kupanga hakukuenea kwenye `work_mem` (kumbukumbu iliyotengewa kazi kama hiyo), ambayo kama hujaigusa ni 4MB.

Seq Scan sio dhambi. Jedwali dogo, au kwiri inayotaka sehemu kubwa ya jedwali, kusoma lote moja kwa moja ndiyo njia nafuu.

Hatua ya 6. Tibu ulichokiona. Makadirio yakiwa mabovu, anza na `ANALYZE jina_la_jedwali` (hii inakusanya takwimu, haihusiani na ile ya EXPLAIN zaidi ya kufanana jina). Ukishaona indeksi inahitajika, tumia `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, ile ya kawaida inazuia watu kuandika kwenye jedwali mpaka iishe. Ikifeli katikati inaacha indeksi iliyoandikwa INVALID, ifute uanze upya. Indeksi ya kolamu nyingi, tanguliza zile za `=`, za `>` na `<` zifuate.

Na usiifunge kolamu ndani ya fanksheni. `WHERE date(iliundwa) = '2024-03-01'` haitumii indeksi ya `iliundwa`, andika `iliundwa >= '2024-03-01' AND iliundwa < '2024-03-02'`.

Hatua ya 7. Pima tena, zaidi ya mara moja, maana mara ya kwanza data inatoka diski na mara ya pili iko kwenye kashe.

Maswali karibuni.

---

MASWALI

kasi_zaidi: Mkuu kwiri yangu ina joini 6 (inaunganisha majedwali) inakula dakika 2, naomba msaada wa haraka bosi ananisubiri

Mwandishi: Mpango uko wapi? Hatua ya 4.

kasi_zaidi: Nimeshaongeza RAM kutoka GB 8 hadi 32 lakini wapi. Indeksi ziko kila kolamu

Mwandishi: Umeongeza RAM bila kujua kama kwiri inasoma diski. Leta EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) yote, maandishi sio picha ya skrini. Bila hiyo sina cha kukuambia. Na hizo indeksi za kila kolamu zinakuumiza kila unapoandika rekodi.

mzee_wa_seva: Unatisha watu bure. EXPLAIN ANALYZE ya DELETE ndani ya BEGIN haina shida yoyote, nafanya kila siku.

Mwandishi: Sijasema usifanye, nimeandika namna ya kuifanya. Lakini "haina shida yoyote" sikubali, DELETE ya rekodi milioni 2 ndani ya BEGIN inashika makufuli ya rekodi milioni 2 mpaka u-rollback. Kama seva yako haina watumiaji muda huo, sawa. Ya wenzako inao.

bi_jedwali: Asante sana kwa somo, hiyo ya loops nilikuwa naisoma vibaya miaka yote. Swali langu, nina jedwali la magari, nachuja `chapa` na `modeli` kwa pamoja. Makadirio yanasema rekodi 12, halisi ni 48,000. Nimeshafanya ANALYZE mara mbili, hakuna kilichobadilika. Nikichuja kwa modeli peke yake makadirio yako sawa kabisa. Inakuwaje?

Mwandishi: Dada, umeshafika mlangoni kwa hilo jaribio lako la mwisho. Mpangaji anachukulia kwamba kolamu mbili hazijuani, kwa hiyo anachukua sehemu ya rekodi zenye chapa hiyo, anazidisha na sehemu ya zenye modeli hiyo. Lakini modeli ikishajulikana chapa imeshajulikana, sharti la pili halipunguzi kitu, yeye anadhani linapunguza sana. ANALYZE ya kawaida haiwezi kuliona hilo kwa sababu inakusanya takwimu za kila kolamu kivyake. Kuanzia PostgreSQL 10 unaweza kumwambia:

`CREATE STATISTICS gari_uhusiano (dependencies) ON chapa, modeli FROM magari;`

halafu `ANALYZE magari;` tena, bila hiyo haifanyi kazi. Ukimaliza linganisha mpango, nahisi sasa hivi una Nested Loop (inatafuta upya kwa kila rekodi) ambayo ingetakiwa iwe Hash Join (inapanga upande mmoja kwenye kumbukumbu mara moja kisha inalinganisha).

bi_jedwali: Kweli ilikuwa Nested Loop! Sasa makadirio ni 47,300 na imegeuka Hash Join. Kutoka sekunde 9 mpaka milisekunde 400. Sijaongeza indeksi hata moja.

Mwandishi: Safi sana. Hifadhi mipango yote miwili, itakusaidia siku nyingine.

nuru_kodi: Kwenye hatua ya 1 umesema turudi kwenye kodi, tutafute nini hasa?

Mwandishi: Kwiri ndani ya lupu. Unavuta oda 200, kisha kwa kila oda unaenda kuvuta mteja wake, hizo ni safari 201. Kila moja ni nyepesi, ila njia ya kwenda na kurudi ndiyo inakumaliza. Vuta wateja wote kwa kwiri moja yenye `IN` au joini. Na ukikuta `OFFSET 200000` kwenye kurasa zako iondoe, databezi inazisoma hizo 200,000 kisha inazitupa, bora ukumbuke id ya mwisho uandike `WHERE id > ... ORDER BY id LIMIT 50`.

fundi_data: Nyongeza kwa waliohamia kutoka MySQL, InnoDB (injini ya MySQL) inaweka indeksi yenyewe kwenye foreni kii (kolamu ya mtoto inayoelekeza kwa rekodi ya mzazi), PostgreSQL haiweki upande wa mtoto. Ukifuta mzazi inapekua jedwali lote la mtoto, kwa kila rekodi unayofuta.

Mwandishi: Asante fundi, hili lilitakiwa liwe kwenye somo. Na ile DELETE yangu kilichokuwa kinaifanya iwe nzito ni hicho hicho, tulikigundua baadaye.

kasi_zaidi: Mpango huu hapa wote nimeuweka. Naona Rows Removed by Filter ni 6,200,000 kwenye jedwali la miamala, na indeksi ya `tarehe` ipo

Mwandishi: Sasa tunaongea. Hiyo Filter yako imeandikwa `date(tarehe)`. Soma tena mwisho wa hatua ya 6, badilisha, rudi na mpango mpya nitautazama usiku huu.