Sandwichi ya jibini inayovutika, hata kwa jiko la mkaa

Shemeji yangu wa Buzuruga, hapa Mwanza, alinitumia picha WhatsApp: slesi mbili nyeusi tii, na katikati jibini imekaa vilevile ilivyotoka kwenye friji, pembe zake hata hazijalegea. Chini ameandika, "Shem, hiki nini?" Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti, ukafuatiwa na mwingine, mwisho akasema niandike tu, maana kila akianza kusikiliza watoto wanaanza fujo. Haya. Hii ni sandwichi ya kujidekeza, ya siku ambayo hutaki kuhesabu mafuta. Ukitaka kitu chepesi, katakata kachumbari.

Kwa sandwichi mbili andaa slesi nne, jibini gramu 150 hivi, vitunguu maji vitatu vikubwa, samli na pilipili manga. Chumvi acha kabatini, jibini inayo ya kutosha.

Hatua ya 1: Jibini

Genge la mtaani huwa halina. Nenda supamaketi, za Rock City Mall au za katikati ya mji, na ununue kipande kidogo hata kama kikubwa kina nafuu, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili utakilia kile kikubwa. Chukua cheda kwa ajili ya ladha na mozarela kwa ajili ya kuvutika, sehemu mbili za cheda kwa moja ya mozarela. Mozarela peke yake inavutika vizuri kwenye picha lakini mdomoni haina neno. Gauda ukiipata, inashika nafasi ya cheda bila ugomvi.

Ile inayouzwa ikiwa imeshakwaruzwa iache. Hupakwa unga wa wanga ili isigandamane kwenye pakiti, na unga huohuo unaizuia kuungana vizuri ikipata joto. Kwaruza mwenyewe kwa kikwaruzo cha karoti, upande wa matundu makubwa, halafu iache mezani nusu saa ipoteze ubaridi.

Sasa, najua kuna mtu atasema: Usukumani hapa maziwa yamejaa, kwa nini nisichemshe lita mbili nikagandisha kwa limao? Gandisha, na utafurahi, hasa ukiikaanga na mchicha. Lakini kwenye sandwichi hii haitayeyuka hata uikalishe jikoni mpaka kesho. Jibini za kuyeyuka hugandishwa kwa kimeng'enya, na protini zake hubaki zimeshikizwa pamoja na kalsiamu. Joto likifika, mshikamano ule unalegea na jibini inatiririka. Limao linaiondoa ile kalsiamu, protini zinakumbatiana zenyewe, na kuanzia hapo joto linachofanya ni kukausha maji tu. Utapata kitu kigumu chenye rangi nzuri.

Na zile slesi za jibini za kuwekea baga, zilizofungwa mojamoja kwenye nailoni? Watu wanazidharau. Zina chumvi maalumu za kufanya mafuta na protini visiachane, kwa hiyo nusu slesi ikikaa chini ya cheda, jibini yote inayeyuka kwa ulaini bila kutoa mafuta pembeni. Nusu tu.

Hatua ya 2: Vitunguu

Vikate nusu duara, vyembamba. Samli kijiko kimoja, moto mdogo, dakika 40, unageuzageuza mpaka viwe rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo ukwangue. Sukari usiweke, vitunguu vya Singida vina utamu wao.

Hatua ya 3: Mkate

Wa jana ni bora kuliko wa leo. Ukipata mkate mzima usiokatwa, kata mwenyewe unene wa sentimita moja na nusu. Onja kwanza: mikate yetu mingi ya dukani ina sukari, na mkate wenye sukari unabadilika rangi upesi sana. Likumbuke hilo tukifika kwenye moto.

Hatua ya 4: Cha kupaka nje

Paka samli. Siagi ina harufu nzuri lakini ina maji na chembechembe za maziwa, na zile chembe ndizo zinazoungua kwanza na kuacha madoa meusi. Samli imeshachemshwa ikatolewa hivyo vyote, inavumilia joto. Mimi natumia samli ya kienyeji inayouzwa sokoni kwa chupa, ile yenye harufu inayokutangulia mlangoni. Kuna mtindo wa kupaka mayonezi nje. Unafanya kazi kweli, rangi inatoka sawasawa, lakini mtu anayekaa Mwanza na kuacha samli akapaka mayonezi simwelewi.

Paka nyembamba, mpaka kwenye kingo. Upande uliopakwa ukae nje.

Hatua ya 5: Moto

Hapa ndipo shemeji alipoharibikiwa, na ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nivumilie.

Mkate unaanza kupata rangi ya kahawia uso wake ukifika kama nyuzi 140 za Selsiasi. Cheda inahitaji kama 65 tu ili iyeyuke. Ungedhani jibini itashinda mbio hizo, lakini jibini iko ndani, na katikati kuna mkate uliojaa hewa, na hewa haipitishi joto upesi. Moto ukiwa mkali, mkate unamaliza safari kabla joto halijavuka. Ukiona mkate umeshaungua na jibini bado, dawa yake si kuongeza moto. Punguza.

Kwa gesi ni rahisi: washa, shusha mpaka karibu na kuzima, weka kikaango kipate joto dakika tatu bila kitu, basi. Wenye gesi mnaweza kuruka aya tatu zinazofuata.

Jiko la mkaa linataka akili. Usilikokee mkaa mpya kwa ajili ya sandwichi, ni kujitafutia tabu. Subiri chakula cha familia kiishe, maharage yaive, ugali usongwe, halafu utumie moto uliobaki, makaa yakiwa yamevaa majivu ya kijivu na hakuna hata moja linalotoa ulimi wa moto. Yakiwa bado mengi, toa nusu kwa koleo, yaliyobaki yatandaze, kisha nyunyiza majivu juu yake. Mlango wa jiko ufunge, uache upenyo wa kidole tu.

Halafu kuna upepo, jambo ambalo mapishi ya kwenye intaneti hayakwambii kwa sababu walioyaandika wanapikia ndani. Mchana na alasiri upepo wetu unatoka ziwani kuja nchi kavu. Ukiwa Kirumba, Kitangiri, Capri Point au popote ambapo baraza linatazama maji, upepo huo unaingia kwenye mlango wa jiko na kuyapuliza makaa ya upande mmoja. Unashangaa nusu ya mkate imeungua, nusu nyingine nyeupe. Geuza jiko mlango utazame ukuta, au lipeleke nyuma ya nyumba. Hata hivyo zungusha kikaango robo mzunguko kila dakika, maana makaa hayalingani.

Kikaango nacho kiwe kizito. Kile cha chuma cha kupikia chapati ndicho hasa, kinahifadhi joto na kuligawa. Sufuria nyembamba ya alumini inaweka alama ya kila kaa lililo chini yake. Kama huna kingine, lala na hiyohiyo lakini weka bati la kuokea katikati ya jiko na sufuria.

Kupima joto: dondosha tone la maji. Likikimbia huku na huku kama gololi, kikaango kimepita kiasi, kiepue kipoe. Likikaa pale lilipoangukia, likachemka taratibu na kukauka, anza. Kama humwamini tone, tumia kipande cha ganda la mkate: kikae dakika nzima kabla hakijaonyesha rangi.

Hatua ya 6: Kupanga na kukaanga

Slesi chini, jibini, vitunguu, pilipili manga, jibini tena, slesi juu. Vitunguu viwe katikati ya jibini ili pande zote mbili zigundike. Nyanya mbichi usiingize, zinatoa maji na mkate unalowa. Na kwa wale wanaouliza kuhusu dagaa: waliokaangwa wakakauka, wawekwe pembeni ya sahani wa kutafuna. Ndani, hapana.

Weka kikaangoni, funika na mfuniko wa sufuria. Mfuniko ndio unaopeleka joto juu, jibini ikalegea kabla ya kugeuza. Dakika nne au tano. Inua ukingo kwa kijiko bapa uchungulie, geuza ikiwa rangi ya maandazi. Usikandamize, jibini yote itakimbilia kikaangoni. Upande wa pili unachukua dakika tatu, kwa sababu ndani kumeshapata moto. Dakika ya mwisho ondoa mfuniko, mvuke utoke na mkate urudi kukauka.

Ukitaka kuvuka mpaka: sandwichi ikishaiva, inyanyue, tawanya kiganja cha cheda iliyokwaruzwa moja kwa moja kwenye kikaango, irudishe juu yake. Kwanza jibini itachemka na kutoa povu, kisha povu litatulia na kingo zitakuwa kahawia. Usiiguse kabla povu halijatulia, itachanika. Ikitulia inajiachia yenyewe, nawe unaipata imevaa ganda la kuvunjika la jibini. Kwa hili kikaango cha nonstiki ndicho kinachonyooka. Hapo tu nakikubali.

Hatua ya 7: Mezani

Isimamishe kwa ubavu, iegemee kitu, dakika mbili. Ukiilaza kwenye sahani ikiwa ya moto, upande wa chini unatoa jasho na kulegea. Kisha kata kona kwa kona. Chai ya tangawizi, kachumbari yenye ndimu nyingi ya kukata mafuta, na pilipili ya kutafuna kwa anayeweza.

Ikibaki, usiipashe kwenye maikrowevu. Irudishe kwenye kikaango kikavu, moto uleule mdogo, bila kuongeza samli.