Bafu dogo la nyumbani: chukua chaki na kiti cha plastiki kabla fundi hajatindua ukuta

Jamani mnaojenga na nyie mnaokarabati, kabla fundi bomba hajaanza kutindua ukuta wa bafuni naomba mnisikilize kidogo, maana hili jambo likishakosewa na tailizi zikishapigwa unaishi nalo miaka, kila asubuhi goti linagonga palepale.

Naongelea bafu letu la kawaida huku Dar, choo na bafu humohumo, kama mita 1.5 kwa 2.1 hivi, tenki liko kwenye kimnara nje na maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Kwangu nilimwachia fundi kila kitu nikajua yeye ndo anajua. Mama alivyokuja kutoka Tanga, magoti yanamsumbua, ndo nikaona shida yote kwa pamoja. Akikaa bega linagusa ukuta, akitaka kuinuka hana pa kushika, shatafu iko nyuma ya mgongo mpaka ajipinde, na taulo liko upande wa pili kwahiyo lazima akanyage maji kulifuata. Iliniuma sana. Tukavunja tukaanza upya, na yafuatayo ndo niliyoyashika.

Chumba kikiwa bado plasta tupu ingia na futi, chaki, kiti cha plastiki na ndoo ya lita 20. Weka kiti pale fundi anaposema choo kitakaa, kaa kabisa, alafu inuka. Nyoosha mkono uone shatafu ungependa uikute wapi, chora alama. Inama kama unanawa uso, chora. Simama kama unaoga ukijipaka sabuni mpaka miguuni, uone viwiko vinagonga nini. Mwite na mrefu wa nyumba na mfupi wa nyumba na mzee kama yupo, kila mmoja afanye hivohivo. Na ukipima kumbuka tailizi na saruji yake vitakula kama sentimita 2 hadi 3 kila ukuta, watu wengi hapa ndo wanapigwa, wanapima plasta alafu baadae nafasi imepotea.

Mpangilio wenyewe ni kutoka pakavu kwenda pabichi. Ukifungua mlango ukutane na sinki la kunawia, alafu choo, alafu shawa mwisho kabisa kwenye kona ya mbali. Tundu la kutolea maji liwe kwenye hiyo kona ya shawa, sio katikati ya chumba wala karibu na mlango, na sakafu iteremke kulielekea kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Usikubali kuambiwa tu slopu ipo, kabla ya tailizi mwaga ndoo nzima ya maji usimame uangalie yanaenda wapi, yakituama mahali yarekebishwe sikuhiyohiyo. Tailizi za chini ziwe za rafu, zile zinazong'aa ziishie ukutani.

Choo chenyewe, kutoka katikati yake mpaka ukuta wa pembeni acha sentimita 40 au 45, chini ya 38 mtu mnene hakai kwa raha, na mbele ya choo acha kama 60 za magoti na miguu. Nunua choo kwanza ndo fundi aweke bomba, tafadhali, kwasababu kuna vinavyotolea chini sakafuni na vinavyotolea nyuma ukutani, ukiweka bomba kwanza alafu ukapenda choo cha aina nyingine unaanza kutindua tena.

Kwa sisi waislamu kuna hili la kibla, hatutaki mtu akae chooni akielekea kibla wala akiipa mgongo. Huku Dar, na Zanzibar na Mombasa pia, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwahiyo choo kikitazama mashariki au magharibi mambo yamekaa sawa. Mwambie fundi mapema wakati wa chaki, ukisubiri bomba la inchi 4 limeshazikwa ni kazi nyingine.

Shatafu iwe kulia kwa aliyekaa, mbele kidogo ya bega, kama sentimita 60 au 70 kutoka sakafuni, mkono wa kulia unashika na wa kushoto unasafisha. Iwe na koki yake ndogo ya kufungia na watu wazoee kuifunga wakimaliza, maana ule mpira ukiachwa na presha masaa yote iko siku utapasuka hamko nyumbani na tenki lote linaishia sakafuni. Karatasi za chooni ziweke upande wa pili, mbele kidogo ya goti, usiziweke chini ya shatafu zitalowa.

Alafu ndoo. Sijui kwanini michoro mingi inaisahau ndoo wakati maji yakikatika ndo tunaogea hiyo. Weka koki ya chini pale kwenye shawa, urefu wa sentimita 50 au 55 hivi, ndoo ya lita 20 iingie chini yake bila kuinamishwa. Kata itundikwe kwenye ndoano, isilale sakafuni.

Kichwa cha shawa weka mita 2 mpaka 2.1, koki zake kama mita 1.1, na zikae upande ambao unaweza kufungua ukiwa bado nje ya maji, la sivyo kila siku unapigwa na maji ya baridi kwanza. Kama unafunga shawa ya umeme ya kupasha maji hapo nakuomba usibane hela. Nyingi zinakula kilowati 4 au 5, hiyo ni kama ampea 20, haitakiwi soketi ya kawaida kabisa, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya mnene wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali, breka yake, na waya wa ethi uliofungwa kweli. Afanye fundi umeme mwenye leseni, na swichi ikae nje ya bafu. Angalia pia tenki lako, kila mita 1 ya kimo inakupa presha ya baa 0.1 tu, tenki likiwa chini sana hiyo shawa haitawaka vizuri, soma kwenye boksi inataka presha kiasi gani kabla hujalipa.

Sinki la kunawia ukingo wake wa juu sentimita 80 hadi 85, kama una watoto wanunulie kistuli, usilishushe. Kioo kianze kama sentimita 20 juu ya sinki, mfupi na mrefu wote wajione.

Chuma cha kushikia kwa mzee usikiache hata kama sasa hivi nyote ni vijana. Pembeni ya choo, sentimita 85 au 90 kutoka chini, kifungwe kwenye tofali lenyewe, kisishikwe na tailizi tu. Kile cha kutundikia taulo hakibebi uzito wa mtu, usimwambie mama akishike hicho. Na mlango ufunguke kwa nje, mtu akianguka ndani mwili wake hauzuii mlango.

Kabla plasta haijafunika mabomba yapige picha na futi ikionekana, hizo picha zitakuokoa siku ya kutoboa. Kutoboa tailizi bandika seloteipu ya karatasi juu yake drili isiteleze, tumia biti ya tailizi, drili isigonge mpaka uvuke tailizi, na usitoboe karibu na kingo zake.

Ndoano ya taulo iwe sehemu unayoifikia ukiwa umesimama kwenye shawa ila maji hayaifikii. Mama yangu aliomba mbili, moja ya taulo na moja ya kanga, ya kanga tuliiweka karibu na mlango kwa urefu wa bega lake, nae mwenyewe ndo alishika chaki akachora alama.