Kuanza Mazoezi ya Mzunguko Ukiwa Nyumbani

Mazoezi ya mzunguko yalibuniwa mwaka 1953 na R. E. Morgan na G. T. Adamson katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na msingi wake ungali uleule: mtu hupanga vituo kadhaa, kila kimoja na zoezi lake, akapita kimoja baada ya kingine kwa mapumziko mafupi hadi duru iishe. Mikono hupumzika wakati miguu ikifanya kazi, ilhali moyo na mapafu havipati nafasi ya kutulia kabisa, na ndiyo maana nusu saa tu hujenga nguvu na pumzi kwa pamoja.

Anayeanza hahitaji zaidi ya vituo sita, navyo vinaenea uani. Mpangilio wake una uzito kuliko ugumu wa zoezi lolote, kwa kuwa ukifuatanisha mazoezi mawili ya miguu utachoka mapaja kabla pumzi haijaguswa. Anza kwa kuchuchumaa na kuinuka, ufuatishe pushapu, kisha kupanda na kushuka ngazi moja, kisha kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu la maji la lita 5 kuelekea kiunoni, kisha kuruka kamba, na umalizie kwa kujiegemeza juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukinyooka kama ubao.

Kuchuchumaa hukosewa sana. Weka kiti nyuma yako, panua miguu kwa upana wa mabega, kisha shuka polepole kana kwamba unakaa, na mara makalio yagusapo kiti uinuke. Visigino vikinyanyuka, panua miguu kidogo zaidi au usishuke chini sana. Pushapu nazo zianzie ukutani ikiwa sakafuni kiuno kinalegea; wengi huona haya kufanya hivyo, nami naamini pushapu kumi safi za ukutani zinamfaa mtu kuliko tatu za sakafuni zinazomuumiza mgongo.

Kabla ya yote, pasha mwili moto kwa dakika tano hadi kumi za kutembea haraka na kuzungusha mabega na nyonga. Katika kila kituo fanya kazi kwa sekunde 20 na upumzike sekunde 40, hivyo duru moja itachukua dakika sita. Zikamilishe mbili, ukipumzika dakika mbili katikati, kisha tembea taratibu na kunyoosha viungo. Kipimo cha kasi ni maneno yako mwenyewe: uweze kutamka sentensi fupi, lakini usiweze kuimba. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha papo hapo. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari au ujauzito amwone daktari kabla ya kuanza.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, kila moja ikifuatwa na siku ya kupumzika, na wakazi wa pwani wafanye alfajiri kabla jua halijawa kali. Baada ya wiki mbili, ongeza kazi iwe sekunde 30 kwa mapumziko ya sekunde 30, au ongeza duru ya tatu, lakini usiongeze vyote viwili kwa pamoja. Hayo yakishazoeleka, hamisha pushapu kutoka ukutani hadi kwenye meza imara, na dumu la lita 5 ulibadilishe kwa la lita 10, ukianza kwa kulijaza nusu tu.