Namna ya Kuisoma Nasaba ya Wafalme wa Denmark Bila Kupotea

Anayefungua orodha ya wafalme wa Denmark kwa mara ya kwanza hukutana na msururu wa majina ulioanza karne ya 10, ambamo akina Christian na akina Frederik wanapishana kwa mamia ya miaka, na mara nyingi huifunga kabla hajafika katikati. Njia ninayoipendekeza ni kuacha kuyakariri majina hayo na kumwuliza kila mtawala swali moja: madaraka yake aliyapata kwa nani? Jibu linabadilika mara mbili tu. Hadi 1660 mfalme alichaguliwa na wakuu wa nchi. Kuanzia hapo hadi 1849 alirithi mamlaka yasiyo na mpaka. Na tangu 1849 hadi leo anatawala kwa mujibu wa katiba. Ukiishika mihimili hiyo, kila jina litapata mahali pake.

Anzia Jelling, kijiji kilichoko Jylland, rasi ya magharibi mwa Denmark, kwa sababu hapo historia hii imeandikwa juu ya mawe yanayoonekana hadi leo. Jiwe dogo lilisimamishwa na mfalme Gorm kwa kumbukumbu ya mkewe Thyra. Jiwe kubwa lilisimamishwa na mwana wao Harald Blåtand, kwa kumbukumbu ya wazazi wake wote wawili, na maandishi yake ya runi, herufi za kale za watu wa Kaskazini, yanasema kwamba Harald huyo ndiye aliyejipatia Denmark yote na Norwei na kuwafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Upande mmoja wa jiwe amechongwa Kristo, mikono ameinyoosha, amezungukwa na nyuzi zilizosokotana. Lisome jiwe hilo kama tangazo la mfalme anayetaka kutambuliwa, maana kuongoka kwa watu hakukuwa kazi ya mtu mmoja wala ya siku moja. Hata hivyo, ni ushahidi wa wakati ule ule, na watawala wengi wa enzi hizo hawakutuachia kitu cha namna hiyo.

Kutoka kwa Harald pita haraka. Mwanawe Svend aliitwaa Uingereza mwaka 1013, na mjukuu wake Knud Mkuu alizitawala Uingereza, Denmark na Norwei kwa pamoja hadi alipofariki mwaka 1035, kisha himaya hiyo ikasambaratika katika muda mfupi.

Unapoingia karne zinazofuata, kumbuka kwamba mwana wa kwanza hakuwa na haki ya moja kwa moja. Ndiyo maana wana watano wa Svend Estridsen walitawala mmoja baada ya mwingine, jambo linalomchanganya msomaji aliyezoea kuona baba akifuatwa na mwana. Mmoja wao, Knud IV, aliuawa kanisani Odense mwaka 1086 na watu walioasi, na baadaye akatangazwa mtakatifu. Kwa kuwa mfalme alihitaji kukubaliwa, wakuu walijifunza kumwekea masharti. Mwaka 1282 Erik Klipping alitia muhuri hati ya ahadi, ambayo Wadenmark huiita håndfæstning, akikubali kuitisha baraza kila mwaka na kutomfunga mtu bila hukumu ya kisheria. Miaka minne baadaye aliuawa usiku huko Finderup. Iweke hati hiyo pembeni ya kila jina linalofuata, kwa kuwa ndiyo mizani ya nguvu kati ya mfalme na makabaila. Mizani hiyo iliinama kiasi kwamba kati ya 1332 na 1340 nchi ilikaa bila mfalme kabisa, sehemu kubwa ya ardhi ikiwa imewekwa rehani kwa mabwana wa Kijerumani, mpaka Valdemar Atterdag alipoanza kuirudisha kipande kwa kipande.

Binti wa Valdemar anastahili kituo kirefu. Margrete alikuwa mjane wa mfalme wa Norwei, na mwanawe Oluf, aliyekuwa mfalme wa Denmark na Norwei, alipofariki mwaka 1387, hapakuwa na sheria iliyomruhusu mwanamke kukalia kiti cha enzi. Wadenmark walimchagua hata hivyo, wakimpa cheo cha bibi mwenye mamlaka yote na mlinzi wa ufalme mzima. Kwa cheo hicho aliunganisha Denmark, Norwei na Uswidi, muungano uliothibitishwa Kalmar, mji wa Uswidi, mwaka 1397, na mjukuu wa dada yake, Erik wa Pomerania, akavikwa taji huku yeye mwenyewe akiendelea kuyashika madaraka hadi kifo chake mwaka 1412. Usimruke kwa sababu orodha nyingine haimwiti malkia. Hakuna aliyefanya kazi kubwa kuliko yake katika kipindi chote cha uchaguzi.

Mwaka 1448 alichaguliwa Christian I wa ukoo wa Oldenburg, na hapo majina yanaanza kujirudia. Ufunguo wake ni huu: tangu mwaka 1513 hadi 1972 kila Christian alifuatwa na Frederik mwenye namba pungufu kwa moja. Christian IV alifuatwa na Frederik III, na Christian X alifuatwa na Frederik IX. Ukilijua hilo, ukikutana na jina moja utajua lililofuata. Tahadhari ni kwamba jina linalofuata halimaanishi kila mara mwana: Frederik I alikuwa baba mdogo wa Christian II, aliyeondolewa madarakani mwaka 1523 baada ya mauaji ya Stockholm ya 1520, alipowaua wakuu wa Uswidi, na Christian IX aliingia mwaka 1863 kutoka tawi la Glücksburg kwa kuwa mtangulizi wake hakuwa na mtoto wa kurithi.

Sasa tenga muda wa kutosha kwa mwaka 1660, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha historia yote hii, ingawa waandishi wengi huuharakia. Denmark ilikuwa imeshindwa na Uswidi, imepoteza jimbo la Skåne kwa mkataba wa Roskilde wa 1658, na hazina ilikuwa tupu. Frederik III alikuwa amebaki Copenhagen wakati mji ulipozingirwa, na wenyeji walimpenda kwa ajili hiyo. Mkutano wa matabaka ulipoitishwa, makabaila waling'ang'ania msamaha wao wa kodi, huku wafanyabiashara na makasisi wakidai mzigo ugawanywe sawa. Milango ya mji ilifungwa, makabaila wakakosa pa kutokea, na mnamo Oktoba wakakubali kwamba taji liwe la kurithiwa na hati ya masharti ifutwe. Sheria ya Mfalme ya 1665 ilimpa Frederik III na wazao wake mamlaka yote, ikiwakataza mambo machache tu: kuiacha imani ya Kilutheri, kuugawa ufalme, na kuibadilisha sheria yenyewe. Ilifichwa kwa miongo kadhaa, na ilichapwa hadharani mwaka 1709.

Unaposoma wafalme wa zama hizo, weka ramani mezani. Chini ya jina la mfalme kulikuwa pia na ngome ya Christiansborg huko Osu, Accra, iliyouzwa kwa Waingereza mwaka 1850, na visiwa vya Karibi ambako Waafrika waliotumwa utumwani walilima miwa. Amri ya mwaka 1792 ilizuia biashara ya watu kuanzia 1803, lakini utumwa wenyewe haukukoma visiwani humo hadi 1848. Msomaji anayeangalia majumba ya Copenhagen bila kuitazama sukari hiyo hajaisoma historia ya taji kwa ukamilifu.

Kipindi cha katiba ni rahisi kukifuata. Frederik VII alitia saini katiba tarehe 5 Juni 1849. Mwaka 1920 Christian X aliifukuza serikali kwa sababu ya suala la mpaka wa Schleswig, eneo lililogombaniwa na Ujerumani, akalazimika kurudi nyuma, na tangu wakati huo mfalme hajaingilia tena uteuzi wa serikali kwa namna hiyo. Kura ya maoni ya 1953 iliwaruhusu binti kurithi pale pasipo na mwana, ndipo Margrethe II akaingia mwaka 1972, na aliichukua namba ya pili kwa heshima ya Margrete wa karne ya 14. Kura ya 2009 iliondoa kabisa upendeleo kwa wana wa kiume.

Ukipata nafasi ya kusafiri, malizia kwenye kanisa kuu la Roskilde, wanakozikwa wafalme. Katika kikanisa cha Christian I kuna nguzo iliyochorwa alama za urefu wa wageni wa kifalme. Alama ya Christian I mwenyewe inazidi mita 2, ingawa hakuwa mrefu kiasi hicho. Kisha linganisha na kilichotokea tarehe 14 Januari 2024: Margrethe II alitia saini ya kujiuzulu mbele ya baraza la mawaziri, na Frederik X akatangazwa mfalme na waziri mkuu kwenye roshani ya kasri la Christiansborg, Copenhagen, bila kuvikwa taji, maana mfalme wa mwisho kutawazwa kwa kupakwa mafuta alikuwa Christian VIII, mwaka 1840.