Jinsi ya kutembelea ngome za mashambani Parma: mbili kwa siku, zisizidi

Huu ndio utaratibu ninaoufuata ninapowatembeza wageni, wengi wao ndugu na marafiki kutoka nyumbani au wale wanaoishi Uingereza na Ujerumani. Unahusu mkoa wa Parma, kaskazini mwa Italia, kati ya Milan na Bologna.

Hatua ya 1: Punguza orodha

Ukifungua ramani ya Parma utaona ngome kila upande, na utatamani kuzimaliza zote. Usijaribu. Anayeingia ngome nne kwa siku moja, jioni hukumbuka ngazi tu. Mpango wangu wa siku mbili ni huu: siku ya kwanza Torrechiara asubuhi na Fontanellato alasiri, siku ya pili Bardi peke yake, maana iko mbali milimani.

Unapotafuta mtandaoni, usiandike *castello* (ngome) peke yake. Nyingine huitwa *rocca*, na Fontanellato ni mojawapo: jina lake rasmi ni Rocca Sanvitale. Tovuti ya Castelli del Ducato, mtandao unaounganisha ngome za Parma, Piacenza na jirani zake, ndiyo ninayoangalia kwanza kwa saa za kufungua.

Anayesafiri na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda aanze na viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Hayo ya ubalozini siyarefushi, kila mtu ana hadithi yake.

Hatua ya 2: Chagua tarehe

Aprili hadi Juni, kisha Septemba na Oktoba. Julai na Agosti bonde la mto Po huwa na joto zito lisilo na upepo. Kuanzia Novemba huja ukungu, tena ukungu kweli: unaweza kusimama uwanjani Fontanellato usiuone mnara ulio mbele yako. Majira ya baridi pia saa za kufungua hupunguzwa.

Jumatatu iepuke, ngome nyingi na makumbusho hufungwa. Torrechiara ni mali ya serikali, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na walio chini ya miaka 18 hawalipi siku yoyote. Lakini Jumapili hiyo ya bure watu hujaa. Kama una watoto wanaochoka haraka, lipa tiketi uje siku ya katikati ya wiki.

Kuna jambo linalowanasa wageni wengi kuliko yote: ngome nyingi ndogo hufungwa mchana kwa saa mbili hivi, na hata zisizofungwa huacha kuuza tiketi kabla ya saa iliyoandikwa mlangoni. Tafuta maneno *ultimo ingresso*, yaani kuingia kwa mwisho, kwenye ratiba. Hiyo ndiyo saa yako ya kweli.

Hatua ya 3: Gari au basi

Torrechiara unaifikia kwa basi kutoka Parma, yale ya kampuni ya TEP yanayokwenda Langhirano. Ni kama kilomita 20 kusini mwa mji, kisha unapanda kilima kwa miguu. Jumapili mabasi ni machache, angalia ya kurudi kabla hujapanda la kwenda. Lakini kufanya Torrechiara na Fontanellato siku moja kwa basi ni kujitesa. Moja iko kusini, nyingine kaskazini-magharibi, na kila safari inakurudisha Parma mjini.

Ukikodi gari, leseni ya nyumbani peke yake haitoshi. Beba na kibali cha kimataifa cha kuendesha, ukichukue kabla ya kuondoka. Gari la otomatiki uliombe mapema. Na kumbuka huku tunapita kulia. Mzunguko wa kwanza wa barabara ndio mtihani.

Hatari kubwa ya mfuko wako si mwendo kasi, ni ZTL: maeneo ya katikati ya miji yaliyokatazwa kwa magari ya wasio wakazi. Hakuna askari wala kizuizi. Kuna kamera tu, na faini hukufikia nyumbani baada ya miezi, pamoja na ada ya kampuni ya gari kwa kutoa jina lako. Ubao wa umeme ukiandika *varco attivo*, usipite. Maana yake kamera inafanya kazi; neno *attivo* limewahi kuwaponza watu waliodhani linamaanisha njia iko wazi. Maegesho: mistari myeupe kwa kawaida ni bure, ya buluu unalipia, ya njano si yako.

Hatua ya 4: Zunguka nje kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatoka kwenye gari, wananunua tiketi, wanaingia. Mimi nawataka wageni wangu wazunguke ukuta kwanza, walau nusu saa, kwa sababu nje ndipo ngome inapojieleza ilivyopigana.

Torrechiara ilijengwa na Pier Maria Rossi, bwana wa ngome kadhaa za huku, kati ya 1448 na 1460. Tazama kuta zake: duru tatu, moja ndani ya nyingine, na minara minne mirefu kwenye pembe. Inua macho juu ya minara. Pale juu ukuta umejitokeza nje, ukishikiliwa na vitegemeo vilivyopangwa kwa safu. Kati ya kitegemeo na kitegemeo kuna tundu la sakafuni. Mlinzi alisimama juu yake akaangusha mawe moja kwa moja kwa aliyefika chini ya ukuta, bila yeye mwenyewe kuonekana. Ukifika langoni kwenye ngome yoyote ya huku, tafuta mianya mirefu ya wima juu ya mlango. Ndimo ilimoingia mihimili ya daraja la kuinua.

Sasa jiulize kwa nini minara ni mirefu hivyo. Adui wa siku zile alikuja na ngazi. Miongo michache baadaye akaja na mizinga: mwaka 1495 jeshi la mfalme Charles VIII wa Ufaransa lilipigana Fornovo, si mbali na hapa, likiwa na mizinga ya shaba nyeusi iliyotupa risasi za chuma. Tangu hapo mnara mrefu ukawa shabaha nzuri. Wajenzi wakashusha kuta, wakazinenepesha na kuzichongea pembe. Aliyewahi kufika Mombasa ameshaiona ngome ya aina hiyo mpya: Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan. Weka picha yake akilini ukiwa Torrechiara, na utaona karne nzima ya vita kati ya hizo mbili.

Hatua ya 5: Ndani ya Torrechiara, nenda kwenye Chumba cha Dhahabu

Vyumba vya chini vina michoro ya Cesare Baglione. Pita taratibu, ila usimalizie nguvu huko. Juu kuna ukumbi wa wanasarakasi wanaojenga piramidi wakiwa juu ya migongo ya simba, na watoto hawatoki pale. Chumba cha Dhahabu, *Camera d'Oro*, ndicho cha kukaa.

Pier Maria alikuwa na mke, na mpenzi wake Bianca Pellegrini alikuwa na mume. Chumba kizima kinawatangaza wawili hao hadharani. Kwenye dari, Bianca amevaa kama hujaji anayezunguka ngome za Rossi, moja baada ya nyingine. Kwenye kuta kuna vigae vya udongo vyenye herufi za majina yao, mioyo, na maneno ya Kilatini *nunc et semper*, sasa na daima. Dhahabu iliyovipaka imepotea. Sogea karibu bila kugusa, alama ni za kina na mwanga wa pembeni huzionyesha vizuri.

Hatua ya 6: Kula kwa saa

Jikoni hufungwa kama saa nane hadi nane na nusu mchana. Ukichelewa, utakula mkate wa baa.

Langhirano ni mji wa paja la nguruwe lililokaushwa, na menyu zitakuonyesha hivyo. Asiyekula nguruwe awe macho na *torta fritta*: inaonekana kama andazi lisilo na kitu ndani, lakini kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Agiza *tortelli d'erbetta*, tambi zilizojazwa jibini laini na mboga za majani, zinazoletwa na siagi.

Hatua ya 7: Fontanellato, na dari yenye kioo

Hii ni ngome ya tambarare, imezungukwa na handaki lililojaa maji katikati ya mji. Ndani mara nyingi unaingia na mwongozaji anayezungumza Kiitaliano. Uliza kama wana karatasi ya maelezo ya lugha unayoijua.

Chumba kidogo cha chini alichokichora mchoraji Parmigianino, kama mwaka 1524, kinasimulia Actaeon, mwindaji aliyemwona mungu wa kike Diana akioga, akageuzwa kulungu, akararuliwa na mbwa wake mwenyewe. Fuata hadithi ukutani, kisha angalia juu katikati: kuna kioo cha mviringo chenye maneno *respice finem*, yaani tazama mwisho. Usiondoke bila kuingia mnarani kwenye chumba chenye giza, ambako vioo huleta picha ya uwanja wa nje ikitembea: watu, baiskeli, mbwa, papo kwa hapo.

Hatua ya 8: Bardi

Kutoka Parma ni kama kilomita 60, ila barabara ya bonde la Ceno ina kona. Anayetapika garini akae mbele. Ngome imekaa juu ya mwamba mwekundu wa yaspi, na raha yake ni kutembea njia ya walinzi juu ya kuta. Wenyeji husimulia kwamba msichana aitwaye Soleste alijirusha kutoka huko juu alipoona wapanda farasi wenye rangi za adui, kumbe alikuwa mpenzi wake Moroello aliyezivaa kwa kujivunia ushindi.

Vaa viatu vya soli isiyoteleza, mawe ya njia yanateleza yakilowa. Piga simu asubuhi kuhakikisha wamefungua. Mafuta jaza Fornovo kabla ya kupanda, upande ulioandikwa *self*, unakojijazia mwenyewe, maana kule kwenye *servito*, unakojaziwa na mhudumu, lita ni ghali zaidi.