Kikohozi cha makohozi yanayonuka: jinsi ya kulijua jipu la pafu

Kama nyumbani kuna mtu anakohoa wiki ya tatu sasa, homa za jioni, usiku shuka linalowa jasho, suruali zimeanza kumpwaya, basi mtaa mzima ushasema ni TB. Inaweza ikawa kweli na kipimo cha makohozi ndo cha kwanza, ila kuna ugonjwa unafanana nayo sana na watu hawauzungumzii, jipu ndani ya pafu. Yaani nyama ya pafu inakufa, inaoza, panabaki shimo lenye usaha.

Cha kwanza fuatilia harufu. Makohozi ya jipu mara nyingi yananuka mpaka wa kitanda cha pili anajua, na mgonjwa mwenyewe anakwambia mdomo una ladha ya uozo. Atemee kwenye chombo cheupe chenye mfuniko muangalie, njano au kijani nzito, saa nyingine na michirizi ya damu. Halafu muulize akigeukia ubavu upi ndo kikohozi kinapanda, maana jipu likishatoboka kwenye njia ya hewa usaha unamwagika akibadili ulalo. Yasiponuka usiseme basi sio jipu, kuna bakteria wengine wanalisababisha bila ile harufu.

Linatokea wapi? Mara nyingi mdomoni, watu wakiambiwa wanashangaa. Bakteria wa kwenye fizi mbovu na meno yaliyooza wanateremka na mate hadi kwenye pafu mtu akiwa hajitambui, kalewa chakari kalala chali, ana kifafa, au kapata kiharusi na kumeza kunamsumbua. Wewe ukipaliwa unakohoa kinatoka, yeye hakohoi. Na pafu la kulia ndo linapata zaidi maana mrija wake ni mpana na umeshuka wima kuliko wa kushoto. Kwa hiyo mwenye kifafa akianguka mgeuze ubavu, achaneni na mambo ya kumtia kijiko mdomoni au kumnywesha maji. Kwa mtoto kumbukeni kama aliwahi kupaliwa na karanga au kitu kama hicho, kinaweza kuwa kimekaa humo humo.

Hospitali omba picha ya kifua, na ikitoka mwambie daktari akuonyeshe. Jipu lililoanza kutoboka linaonekana duara, ndani lina mstari mlalo umenyooka, juu peusi chini peupe, kama maji yaliyotulia kwenye glasi. Picha ipigwe akiwa amesimama au amekaa, akilazwa chali ule mstari haujichori. Makohozi yapimwe TB hata kama yananuka, maana TB nayo inatoboa mashimo, na wapime sukari na HIV pia. Kabla ya hapo tafadhali msikimbilie duka la dawa kununua cipro au levofloxacin "kumtuliza", hizo zinaituliza TB kidogo tu halafu kuigundua kunachelewa.

Msilichanganye na nimonia ya kawaida, ile inakuja haraka, siku chache tu mtu ana homa kali, kichomi, anahema juu juu. Halafu kuna usaha unaojaa nje ya pafu, kati ya pafu na mbavu, huo watoto wanaupata sana baada ya nimonia. Huo kwa kawaida dawa peke yake hazitoshi, lazima bomba lipitishwe kwenye mbavu usaha utoke kwenye chupa yenye maji. Ndugu wengi hapa wanagoma eti akitobolewa atakufa, wakati kinachoua ni ule usaha kubaki. Akiwa na bomba, chupa ikae chini ya usawa wa kifua muda wote, hata mkimpeleka chooni, msiinyanyue wala kuliminya bomba. Jipu la ndani ya pafu ni tofauti, mengi yanajitoa yenyewe kwa kikohozi huku dawa zikifanya kazi, hivyo usigombane na manesi mbona hawamtoboi.

Dozi ni ndefu, wiki tatu mpaka sita na wengine zaidi, wanaanza sindano baadae vidonge. Homa inaweza kuendelea wiki nzima hata kama dawa ndo yenyewe, kwa hiyo siku ya tatu usihamishe hospitali, ila wiki mbili zikiisha hajapata nafuu uliza kinachofuata. Flagyl peke yake haitoshi, humo ndani bakteria wamechanganyika, na akiwa anaimeza hiyo Flagyl, pombe aache. Akitema damu nyingi mlazeni kwa ubavu wa upande mbovu ili pafu la upande mzuri lisijae damu, na mkimbie hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho asubuhi.

Dozi ikiisha arudie picha hata kama kanenepa na anacheka. Na kama ni mtu mzima anayevuta sigara, au mzee ambaye hana hata jino moja mdomoni halafu kapata jipu la pafu, hapo muulizeni daktari kuhusu CT scan na kamera ya kuingiza kwenye njia ya hewa, maana panaweza kuwa na uvimbe wa saratani umeziba mrija na jipu limeota nyuma yake.